Ubongo hujuaje neno linapoishia?

Mdadisi: Ndugu zangu, nilirekodi sentensi fupi kisha nikatazama picha ya mawimbi yake, nikitarajia kuona pengo baada ya kila neno kama tulionavyo katika maandishi. Sikuliona. Kimya pekee nilichokipata kilikuwa ndani ya neno «kitabu», pale ulimi unapoziba pumzi kabla ya kutamka «t». Ikiwa sauti hutiririka hivi bila kituo, ubongo huyatenganishaje maneno?

Msomaji wa Isimu: Hutumia dalili nyingi kwa pamoja, na mojawapo ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, kwa hiyo anayeisikia silabi yenye mkazo hutarajia silabi moja tu kabla ya neno kwisha. Msikilizaji wa Kiingereza huelekea kuichukulia silabi yenye mkazo kuwa mwanzo wa neno, kwa sababu ndivyo yalivyo mengi ya maneno ya lugha yake.

Mdadisi: Nashukuru, lakini «simama» na «si mama» yana mkazo pale pale.

Msomaji wa Isimu: Umenishika vizuri! Hapo huamua muktadha.

Mlezi: Naongeza kwamba maneno tunayoyajua hushindana akilini: anayesikia «kitabu» amesikia pia «tabu», ila «tabu» huiacha «ki» bila mwenyewe, ilhali «kitabu» hulimaliza fungu lote la sauti. Kwangu mimi fumbo kubwa zaidi ni mtoto mchanga, ambaye hana msamiati wa kushindanisha. Mwaka 1996 Jenny Saffran, Richard Aslin na Elissa Newport waliwasikilizisha watoto wa miezi 8 mfululizo wa silabi zisizo na maana kwa dakika 2 tu, bila kituo wala mkazo. Ndani ya kila neno la kubuni silabi zilifuatana daima kwa mpangilio uleule, lakini mwishoni mwa neno silabi iliyofuata ingeweza kuwa yoyote kati ya tatu. Baadaye watoto hao walisikiliza kwa muda mrefu zaidi mafungu yaliyovuka mipaka ya maneno, dalili kwamba waliyaona mageni. Hata hivyo, maneno yote ya jaribio lile yalikuwa ya silabi tatu tatu, na usemi wa kweli haumrahisishii mtoto kazi kiasi hicho.