Sungura wa leo ni nani: Saul, Loki au Assane?

MwalimuNgamiani
Wakuu, habari za mchana. Nafundisha Kiswahili sekondari moja hapa Tanga mjini, na wiki ijayo tunaingia kwenye ngano za Sungura. Ukitaja "mhusika ayari", yaani mjanja anayeishi kwa hila, darasa linapiga miayo. Ukitaja tamthilia, hadi waliolala wanaamka. Nataka nimweke ubaoni mjanja mmoja wa televisheni kando ya Sungura tuwalinganishe. Ninao watatu: Saul Goodman wa Better Call Saul, Loki wa Marvel, na Assane Diop wa Lupin, ile ya Kifaransa.

Kipimo changu ni hadithi ya nyumba. Simba kajificha ndani kwa Sungura. Sungura anarudi, anaona nyayo zinazoingia, zinazotoka hazioni. Anasimama mbali: "Hodi nyumba yangu!" Kimya. "Ajabu, kila siku nikipiga hodi nyumba huitika, leo imekuwaje?" Simba kule ndani: "Karibu!" Sungura huyoo, mbio. Nani kati ya hao watatu angeweza kupiga hodi ile?

Kahawa_Chungu
Saul, bila kupepesa. Tena mchukue mwanzoni, akiwa bado Jimmy McGill, wakili njaa mwenye ofisi kwenye kachumba nyuma ya saluni ya kucha. Anatundika bango barabarani linalofanana na la kampuni kubwa ya mawakili: suti ileile, rangi ileile. Wakubwa wanakasirika, wanakwenda kwa jaji, bango linaamriwa lishuke. Siku ya kulishusha fundi anateleza, ananing'inia kwa kamba. Jimmy anapanda kumwokoa huku vijana wa chuo aliowakodi wanarekodi. Jioni yuko kwenye taarifa ya habari, shujaa. Kumbe yeye na fundi walishapanga.

Mwalimu, lile bango ndiyo hodi yako. Wangenyamaza tu, Jimmy asingekuwa na habari ya kuuza. Wakaitika.

BintiMkonge
Kahawa, hapo umesimulia nusu. Huyohuyo Jimmy anamtenga bibi mmoja, Irene, na mashoga zake kwenye makazi ya wazee. Anawachonganisha hadi wenzake wanamnunia bibi wa watu, ili akubali fidia haraka na Jimmy apate chake. Hapo tunaongelea tapeli. Mjanja anamzunguka mwenye nguvu. Anayemzunguka kikongwe hata mtaani kwetu hatumwiti mjanja.

Kahawa_Chungu
Dada, Sungura gani huyo msafi? Sungura wa bibi yangu alikubaliana na Fisi kila mmoja amuue mama yake. Fisi akaua kweli, Sungura wa kwake kamficha, anakwenda kula huko kila siku. Vitabu vya shule vimemwogesha Sungura na kumvalisha kaptula.

BintiMkonge
Ya mama Fisi nilikuwa nimeisahau. Haya, nusu nakupa.

WajaLeo
Mimi nilikuja kumpigia debe Loki nikaishia kumtoa. Mtoto wa jumba la kifalme, ana uchawi, hajawahi kulala njaa. Kwa watu wa Skandinavia wa kale alikuwa ayari hasa: aliwahi kujigeuza farasi jike akazaa, na mwisho miungu wakamfunga chini ya nyoka anayemdondoshea sumu. Kwenye televisheni sizoni ya pili, 2023, anaishia kwenye kiti akishikilia nyakati zote kwa mikono yake ili wengine waishi. Kwenye kibanda umiza mtu wa hivyo tunamwita steringi. Sungura ukimpa kiti hicho anamwambia Fisi: "Kaka, hebu nishikie mara moja, naenda kujisaidia."

Mzee_wa_Makorora
Wanangu, kabla hamjafika Paris, Tanga tulikuwa na wetu. Marehemu King Majuto, Amri Athumani, mchekeshaji wa filamu aliyetutoka Agosti 2018. Mzee anajiona kawazidi wote akili, tamaa imemtangulia mguu, mwisho anaumbuliwa na mtoto mdogo. Ni Sungura yule wa kisimani: wenzake wanachimba yeye hataki, maji yakipatikana anakuja kuyaiba, anamdanganya kila mlinzi kwa asali, mpaka Kobe anapojipaka ulimbo mgongoni na kukaa ndani ya maji. Sungura akakanyaga, akanasa.

Kwa hao watatu, kura yangu kwa Assane. Baba yake, dereva kutoka Senegali, alisingiziwa na tajiri wake wizi wa mkufu, akafia gerezani. Mtoto kakua. Mkufu uleule unapigwa mnada Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Assane anaingia kwa kazi ya usafi, usiku anasukuma vifaa vyake kwenye kumbi zile na hakuna anayemtazama mara mbili. Siku ya mnada huyo ndani ya suti, tajiri Paul Sernine. Zipange upya herufi za jina hilo unapata Arsène Lupin, mwizi muungwana aliyebuniwa na Maurice Leblanc mwaka 1905. Ametundika jina lake mlangoni na walinzi wamelipita. Mfagizi nani anamwangalia? Hiyo dharau yao ndiyo iliyomfungulia mlango.

WajaLeo
Shikamoo mzee. Ila Assane ana kisa, anamlipia baba. Sungura halipi kisasi cha mtu, ana njaa basi. Kwa njaa, Jimmy yuko karibu zaidi.

Kahawa_Chungu
Na ulimbo wake anao. Mwisho kabisa alishawapiga waendesha mashtaka sound mpaka kifungo kikashuka kuwa miaka 7, halafu akasimama mahakamani akasema ukweli wote. Wakampa 86.

BintiMkonge
KAHAWA. Mimi niko sizoni ya nne!!!

Kahawa_Chungu
Samahani dada. Ila mwenyewe ulianza na ya Irene.

MwalimuNgamiani
Mrejesho. Nilimchukua Assane, kwa sababu ya ufagio. Nikawaambia wafumbe macho, nikauliza nani anaweza kunieleza sura ya anayefagia uwanja wetu kila asubuhi. Mikono minne, darasa la watu hamsini na kitu. Hapo somo likajiendesha lenyewe, dharau ya Simba wakaielewa bila mimi kuitaja.

Nikiwa nafuta ubao, binti mmoja wa nyuma akasema: "Mwalimu, Sungura alipiga hodi kwake. Assane na huyo wakili wanapiga hodi kwa watu. Tunawalinganishaje?" Nikafungua mdomo, kengele ikalia. Sijawahi kuipenda kengele namna ile. Jumatatu kipindi cha kwanza ni changu, mwenye jibu aniwahi.

Mzee_wa_Makorora
Mwambie huyo binti nyumba yenyewe Sungura aliipataje kwanza.