Waliowahi kuishabikia Marítimo, timu ya kisiwa cha Madeira: tupeane uzoefu

Baharia wa Kisauni

Wakuu, salaam. Nimefanya kazi jikoni kwenye meli za watalii miaka mingi, na katika bandari zote tulizotia nanga hakuna iliyonikaa moyoni kama Funchal, kisiwani Madeira, Ureno. Sababu ni timu ya mpira. Naomba wenye kumbukumbu zao na Marítimo waziweke hapa. Naanza na yangu.

Ilikuwa tarehe 20 Septemba 2012. Meli ilichelewa kung'oa nanga na mimi zamu yangu ilikuwa imekwisha saa kumi jioni. Pale gatini nikamkuta mzee mmoja, kuli mstaafu, kavaa skafu ya kijani na nyekundu ingawa kulikuwa na joto. Kwa Kiingereza cha bandarini akaniambia, "Leo siku ya kuzaliwa, twende." Nikadhani ni yake. Kumbe ya timu: Marítimo ilianzishwa tarehe 20 Septemba 1910, na usiku huo ilikuwa inacheza na Newcastle kwenye makundi ya Europa League.

Tukapanda mlima kwa miguu hadi uwanja wa Barreiros. Wakati ule uwanja ulikuwa nusu mpya, nusu haujakwisha. Njiani mzee akaninunulia bolo do caco, mkate wa duara mnene kama chapati tatu zilizobebana, unga wake umechanganywa na viazi vitamu, umepasuliwa katikati ukapakwa siagi ya kitunguu saumu. Siagi ilinichuruzika hadi kwenye kiwiko. Mechi iliisha suluhu, 0–0, na yule mzee alifurahi kama aliyebeba kombe.

Alinieleza kwamba timu ilizaliwa na watu wa bandarini, waliojifunza mpira kwa kucheza na mabaharia wa meli za Waingereza. Wiki mbili tu baada ya kuanzishwa, tarehe 5 Oktoba 1910, mfalme wa Ureno akapinduliwa. Kijani na nyekundu ndizo rangi za wanajamhuri, na ndizo zilizoingia kwenye bendera mpya ya nchi. Neno letu "bendera" tulilichukua kwa Wareno haohao, basi tangu siku ile kila nikilitamka namkumbuka mzee na skafu yake.

Haya, karibuni.

Mzee wa Joburg

Baharia, umenitonesha. Nilitoka Morogoro kuja Johannesburg mwaka 1996, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye duka la mboga la Mreno. Ukimwita Mreno alikusahihisha palepale: mtu wa Madeira, mzaliwa wa Câmara de Lobos, kijiji cha wavuvi. Afrika Kusini wamejaa sana watu wa kisiwa kile, na wengi walianza hivyohivyo, kwa mboga na matunda.

Jumapili alikuwa anasikiliza redio, na matokeo ya Marítimo anayaandika kwa penseli kwenye mifuko ya kaki tuliyofungia nyanya. Mteja anakwenda nyumbani na kilo mbili za nyanya na matokeo ya mechi ya Funchal juu yake.

Jambo alilolirudia kila wiki ni hili. Mwaka 1926 Marítimo walipanda meli kwenda bara, maana ndege hakukuwa, wakaifunga Porto 7–1 kwenye nusu fainali, kisha Belenenses 2–0 kwenye fainali iliyochezwa kulekule mjini Porto. Wakawa mabingwa wa Ureno nzima. Halafu ligi ya taifa ilipoanzishwa mwaka 1934, timu za visiwani hazikuwekwa. Bingwa wa nchi akabaki kucheza na majirani zake! Mlango ulifunguliwa mwaka 1973, na hapo kwa sharti: timu ya kisiwani ilipie nauli za wageni wake wanaotoka bara. Fikirini, wakuu. Unamwalika mtu aje akufunge na tiketi ya ndege unamkatia wewe.

Wakalipa. Na tarehe 15 Mei 1977, pale Barreiros, wakaifunga Olhanense 4–0 wakapanda daraja la kwanza, timu ya kwanza ya kisiwani kufika huko. Bosi wangu wakati huo alikuwa tayari yuko Afrika Kusini. Habari ilimfikia kwa barua ya dada yake, na barua hiyo aliibandika ukutani juu ya mizani. Kireno sikijui, lakini ile "4–0" iliyopigiwa mstari mara tatu niliisoma kila siku kwa miaka sita. Kwangu mpira wa kisiwani ni hiyo barua.

Mmwani wa Amadora

Mimi ni mtu wa kisiwa cha Ibo, Cabo Delgado, Msumbiji. Nyumbani tunasema Kimwani, Kiswahili nilijifunzia Mtwara. Sasa naishi Amadora, pembeni ya Lisbon, na nafanya usafi wa maofisi alfajiri.

Kiongozi wa zamu yetu ni mama wa Madeira. Nilipofika sina hata koti, yeye ndiye aliyeniletea la marehemu mumewe, na mfukoni mlikuwa na tiketi ya zamani ya Barreiros. Nilipomrudishia akasema kaa nayo, ni ya koti. Ndivyo nilivyoingia Marítimo.

Juni 2023 mnajua kilichotokea. Walikuwa wamekaa daraja la kwanza misimu 38 mfululizo tangu 1985, wakaangukia mechi mbili za mchujo, na mpinzani akawa Estrela da Amadora, timu ya mtaa ninaoishi! Huku Amadora tukafungwa 2–1, Funchal tukashinda 2–1, ikaenda kwenye matuta, tukashuka. Majirani zangu wakatoka nje na sufuria na fataki, watoto wanacheza, na wana haki yao, nao walikuwa wameteseka miaka mingi. Mimi nikapanda ngazi hadi kwa mama yule. Nilimkuta jikoni anaosha kikombe kimoja, anakiosha, anakisuuza, anakiosha tena. Hakulia. Aliniuliza tu, "Kesho saa kumi na moja?" Nikamjibu ndiyo. Alfajiri alikuja kazini na skafu yake ndani ya koti.

Msimu uliofuata tulichangishana nauli tukaone mechi ya daraja la pili. Ndege ilifika juu ya kisiwa, ikazunguka mara mbili, upepo ukakataa, tukarudishwa Lisbon. Uwanja wa ndege wa kule, wanaojua wanajua: njia ya kurukia imesimama juu ya nguzo, bahari chini, mlima ubavuni. Tulitua kesho yake, mechi imekwisha. Mama akanipeleka Barreiros hivyohivyo, tukasimama nje ya geti. Nikaitoa ile tiketi mfukoni nikamwonyesha, akaishika kidogo, akanirudishia.

Mnyamwezi Lisboa

Nawaheshimu wote, lakini Funchal haina timu moja. Nacional nao walizaliwa mwaka uleule, tarehe 8 Desemba 1910, nyeusi na nyeupe. Cristiano Ronaldo alitoka Andorinha akapita Nacional kabla ya kwenda Sporting, si Marítimo. Na mwaka 2009 waliitoa Zenit ya Urusi, nikiwa nao Choupana, uwanja wao ulio juu kabisa mlimani. Kule ukungu ukishuka mechi inasimama. Nimewahi kukaa jukwaani bila kumwona hata kipa wa upande wangu, tukasubiri tumejifunika mablanketi mpaka refa akaahirisha. Tulishuka mlima tukiimba.

Baharia wa Kisauni

Mnyamwezi, karibu, dabi ni ya wote.

Mmwani, nimesoma yako mara mbili. Matuta na Marítimo ni kidonda cha zamani. Leeds waliwatoa kwa matuta mwaka 1998, Rangers wakafanya hivyohivyo 2004. Fainali za Kombe la Ureno 1995 na 2001, zote 2–0, zote wamepoteza. Kombe la Ligi 2015 na 2016, mbele ya Benfica mara mbili mfululizo. Yule mzee wa gatini alizitaja zile za mpaka wakati wake bila kukosea tarehe hata moja, kama mtu anayetaja wajukuu.

Desemba meli yetu inapita Funchal kisha Lisbon. Muulize mama anataka nini kutoka kwao, nitakuletea mpaka gatini.

Mmwani wa Amadora

Nimemuuliza leo alfajiri, kaka. Kwanza alikataa. Baadaye, tukiwa tunakusanya ndoo, akasema bolo de mel moja, keki nyeusi ya asali ya muwa, ile inayovunjwa kwa mkono bila kisu. Na jezi ya Marítimo isiyo na jina la mchezaji mgongoni.