Mjadala: Mtanzania akifika Borobudur, ni haki alipe sawa na Mjerumani?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nimezunguka kisiwa cha Java, Indonesia, kwa treni, kutoka Jakarta hadi Yogyakarta, kisha mashariki hadi volkano ya Bromo. Kuna jambo naomba tulijadili bila matusi.

Kwenye treni nauli ni moja. Pasipoti wanaikagua kuhakikisha jina tu, hawajali umetoka nchi gani. Ukifika kwenye hekalu, hesabu inabadilika. Borobudur, lile hekalu la Wabuddha la karne ya 8 na 9 lililojengwa enzi za ukoo wa Sailendra, kupanda juu kuliporuhusiwa tena baada ya Korona kiingilio kiliwekwa rupia 120,000 kwa raia na 455,000 kwa mgeni. Hiyo ni karibu mara nne. Bromo nako, tangu Oktoba 2024, raia analipa rupia 54,000 siku za kazi, mgeni 255,000.

Bei mbili sizipingi. Mjava analipa kodi, na majivu ya volkano ya Merapi yalipofunika hekalu mwaka 2010, wenyeji ndio waliopanda na mafagio na ndoo kuyaondoa. Ninachopinga ni sisi wote kutiwa kapu moja. Mwalimu wa Dodoma na daktari wa Munich wanasimama foleni moja na kulipa dola 28 hivi kila mmoja. Kwa yule daktari hicho ni chakula cha jioni. Kwetu Tanzania hifadhi zimewawekea raia wa Afrika Mashariki bei yao kwa shilingi. Kwa nini Indonesia isiwe na daraja la kati kwa nchi zenye kipato kama chetu?

Kiongozi wa Marangu:
Pole mkuu, lakini ukishapata nauli ya ndege hadi Jakarta, habari za mwalimu wa Dodoma tuziache. Mwalimu yuko Dodoma.

Halafu tuangalie kwetu. Kilimanjaro mgeni analipa dola 70 kwa siku kabla ya kodi, raia wa Afrika Mashariki shilingi 10,000. Mzambia, jirani yetu kabisa, analipa sawa na Mmarekani. Miaka yote niliyopandisha wageni sijaona Mtanzania amesimama pale getini akamtetea Mzambia. Maasai Mara ndiyo usiseme: tangu 2024, kuanzia Julai hadi Desemba, mgeni ni dola 200 kwa siku. Waindonesia wana huruma kuliko sisi.

Binti Pangani:
Naunga mkono hoja ya Marangu. Dola 28 kwa kitu chenye zaidi ya miaka elfu moja, na bado tunalalamika?

Msomaji wa magazeti:
Mnabishana kuhusu mgeni wakati kelele kubwa kuliko zote zilipigwa na raia wenyewe. Juni 2022 waziri Luhut Pandjaitan alitangaza kwamba kupanda juu ya Borobudur kutakuwa dola 100 kwa mgeni na rupia 750,000 kwa raia, wanafunzi 5,000. Sababu iliyotolewa ni ya kweli: ngazi za mawe zinalika kwa viatu vya watu. Ila nchi nzima ikawaka. Watu wakauliza kama urithi wa taifa umegeuzwa mali ya matajiri, na serikali ikarudi nyuma.

Lakini angalieni kilichobaki baada ya bei ile kufa. Kupanda kulipofunguliwa tena, kikomo kiliwekwa watu 1,200 tu kwa siku, na watu hupanda kwa makundi ya saa maalumu, na kiongozi, huku wamevaa makubazi ya kusukwa yanayoitwa upanat ili wasikwangue jiwe. Kwa hiyo kinacholinda hekalu ni idadi na makubazi. Ukipandisha bei bila kikomo cha watu, unachofanya ni kubadilisha aina ya viatu vinavyokwangua.

Mleta mada:
Hapo umenigusa. Lakini ukikubali hilo, hoja yangu inapata nguvu. Kama idadi ndiyo inayolinda, basi bei ya mgeni ni ya mapato tu, na ikiwa ni mapato, tutoze kwa uwezo wa mtu.

Kiongozi wa Marangu:
Kwa uwezo upi? Karani wa getini akuombe hati ya mshahara? Pasipoti anaisoma kwa sekunde tano. Hiyo ndiyo faida yake, hata kama inaonea.

Mchungaji wa maneno:
Mimi nina swali jingine. Lile ni hekalu. Nani ametozwa kiingilio kwenda kuswali au kusali? Mwaka 2022 serikali ya Indonesia ilisaini makubaliano ya kutambua Borobudur na hekalu la Wahindu la Prambanan kuwa mahali pa ibada pia kwa Wabuddha na Wahindu wa dunia nzima. Mbuddha wa Sri Lanka akija kuhiji na mpiga picha akija kutafuta mapambazuko, mizani si ileile hata kama wote ni wageni. Kama tunataka madaraja, hilo ndilo la kwanza. Umaskini wa nchi ufuate baadaye.

Binti Pangani:
Na Bromo? Wale Watengger, wenyeji wa pale, ni Wahindu, kila sikukuu yao ya Kasada wanatupa sadaka ndani ya kreta. Moto wa Septemba 2023 uliounguza nyika yao uliwashwa na raia wa Indonesia waliopiga picha za kabla ya harusi kwa fataki za mkononi. Walioingia kwa bei ya chini, kumbukeni. Mgeni na bei yake kubwa hakuhusika.

Msomaji wa magazeti:
Moto hautibiwi na kiingilio, dada. Unatibiwa kwa ukaguzi wa mabegi na faini. Mimi ninachotaka kuona ni hesabu: katika hizo 255,000, ngapi zinabaki kwa Watengger wenye farasi na jeep, ngapi zinakwenda Jakarta? Na kule Ijen, volkano nyingine ya Java kunakochimbwa salfa, mgeni anapojibanza njiani kumpisha mbeba salfa mwenye kilo 70 begani, yule baba anapata nini kwenye tiketi yangu? Nionyesheni hilo nitalipa hata mara tano.

Kiongozi wa Marangu:
Swali hilohilo waulizeni wapagazi wa Kilimanjaro.

Mleta mada, jibu moja tu: Mzambia anayevuka Tunduma kwenda kuona maua ya hifadhi ya Kitulo, alipe bei gani?

Mleta mada:
Alipe kama Mkenya.

Kiongozi wa Marangu:
Haya. Basi barua ya kwanza ipeleke Dodoma, ya Jakarta ifuate.