Naomba ushauri: msumeno mdogo wa mnyororo wa kupogolea matawi

Ndugu zangu, ninaomba ushauri wenu katika kuchagua msumeno wa mnyororo ulio mwepesi, kwa ajili ya kupogoa miti na kuondoa matawi kwenye magogo yaliyokwisha kuangushwa. Matawi mengi ni ya unene wa sentimita 10 hadi 15, hivyo naona bapa (ubao wa chuma unaozungukwa na mnyororo) la sentimita 25 au 30 linanitosha.

Nimeangalia Stihl MS 170, yenye injini ya petroli ya takriban sentimita za ujazo 30 na uzito wa takriban kilo 4 kabla ya kufungwa bapa na kujazwa mafuta. Uzito huo si mkubwa kwa anayefanya kazi akiwa ardhini, lakini mtu anayekata tawi baada ya tawi huchoka mikono, na uchovu ndio unaonitia hofu, kwa kuwa ncha ya bapa ikigusa tawi jingine msumeno unaweza kuruka ghafla kumwelekea mkataji. Misumeno yenye mpini wa juu ni myepesi zaidi, ila imekusudiwa wapanda miti waliofunzwa, nami hufanya kazi nikiwa nimesimama ardhini.

Ule wa betri unanivutia kwa kutohitaji kuchanganya petroli na oili. Je, kwa mliotumia aina zote mbili, betri huhimili kazi ya saa kadhaa mfululizo, na mnyororo mwembamba hudumu makali kwenye mti mgumu uliokauka?