Asilimia ya oili kwenye deshibodi: niiamini au nifuate kilomita?

Kibati:
Wakuu habari zenu. Gari yangu ni ya petroli, haina tabo (ile inayosukumia injini hewa zaidi), kwenye deshibodi inaonyesha maisha ya oili kwa asilimia, ukishamwaga oili inaanza 100 halafu inashuka taratibu. Sasa hivi inasoma 38 na nimeshatembea kama kilomita 7,000 tangu nibadilishe. Fundi ananiambia hiyo kitu ni danganya toto, watengenezaji wameiweka ili gari yao ionekane haina gharama, nimwage kila 5,000 nisiangalie asilimia. Jirani yangu naye anasema ukimwaga mapema unatupa hela, kompyuta inajua kuliko fundi. Naomba kueleweshwa, hiyo kompyuta inajuaje kwamba oili imechoka? Kuna sensa inaipima au inakisia tu? Sitaki kuua injini na pia sitaki kumwaga oili nzima kisa woga.

Spana17:
5,000 mwaga, filta mpya, maisha yaendelee. Oili ni rahisi kuliko injini siku zote.

NatiBolti:
Mkuu Kibati swali lako la mwisho ndio lenyewe. Kwenye magari mengi hakuna kinachopima oili, ni hesabu. General Motors waliianza kwenye Oldsmobile mwaka 1988 na hesabu yenyewe imekaa hivi: kompyuta inahesabu mizunguko ya injini, halafu kila mzunguko unakatwa kwenye maisha ya oili kulingana na joto. Injini ikishapata moto wake wa kawaida uko barabara ndefu unatembea mwendo mmoja, inakata kidogo sana. Ukiwasha ya baridi ukaenda kilomita mbili ukazima, inakata zaidi, kwa sababu petroli isiyoungua na maji yanayotokana na ule mwako yanateremka kwenye sampo (bakuli la oili chini ya injini) na injini haikai na moto muda wa kutosha kuyakausha. Upande wa pili ukivuta mzigo kwenye kilima kirefu oili ikapitiliza joto lake napo inakata zaidi, maana oili ya moto sana inaungana na oksijeni, inakuwa nzito na dawa zilizochanganywa humo zinaisha haraka. Ndio maana watu wawili wenye gari za aina moja mmoja anaweza kufika sifuri kilomita 6,000 na mwingine 12,000 na kompyuta ikawa sahihi kwa wote wawili. Wewe 38 kwa 7,000 inaonekana unatembea safari ndefu, ukiendelea hivyo hivyo sifuri utaikuta kwenye 11,000 na kitu.

Kwa hiyo kuiita danganya toto sio kweli, na hiyo 5,000 kwa kila gari ni namba ya enzi za kabureta na oili za madini. Ila jirani naye amepitiliza. Ile hesabu imepangwa kwa oili ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, kikisema 0W-20 ya sintetiki wewe ukaweka yoyote uliyoikuta, kompyuta haina habari, itaendelea kukuhesabia kama vile umeweka ile ile. Haijui kama unatembea kwenye vumbi na filta ya hewa imechoka. Haijui kama maji ya rejeta yamevuja yakaingia kwenye oili. Ni sawa na kukadiria gesi iliyobaki kwenye mtungi kwa kuhesabu mara ulizowasha jiko, utapatia vizuri tu mpaka siku mtungi uvuje.

Halafu usiamini kwamba mifumo yote inafanana. Mercedes-Benz miaka ya 1990 mwishoni waliweka sensa kabisa ndani ya oili. Kuna magari mengine taa ya sevisi inahesabu kilomita basi, hata ushinde kwenye foleni injini inaunguruma haijali. Soma kitabu chako ujue ya kwako ni ipi kabla hujaamua.

MamaGiaboksi:
NatiBolti kaeleza vizuri ila kubwa kuliko yote kaiacha, ile asilimia haisemi kabisa oili iko KIASI gani ndani. Gari inayokula oili inaweza kuonyesha 45 na stiki (kijiti cha kupimia oili) ikatoka kavu, nimeliona hilo kwenye injini ambayo mwenyewe alikuwa anafuata deshibodi kwa uaminifu wote, ringi za pistoni zimechoka, oili inaungua kidogo kidogo na hakuna taa iliyowaka. Watu wanasubiri ile taa nyekundu yenye alama ya birika, jamani ile ni ya presha, ikiwaka ukiwa unatembea simama uzime hapo hapo maana vyuma vinaweza kuwa vinasagana tayari.

Simamisha gari pasipo na mwinamo, zima, subiri dakika kama kumi oili ishuke, chomoa stiki, ifute yote kwa kitambaa, irudishe mpaka iguse mwisho, chomoa tena ndio usome. Ule usomaji wa kwanza kabla ya kufuta hauna maana, oili inakuwa imetapakaa juu. Oili ikae kati ya alama mbili, na kwenye injini nyingi ndogo kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Ukiwa hapo inuse, ikinuka petroli kali au ikiwa nyepesi inachuruzika kama maji usisubiri asilimia yoyote.

DizeliTupu:
Wa dizeli zenye filta ya masizi kwenye egzosi angalieni pia oili ISIPANDE. Gari ikiwa inachoma yale masizi inanyunyiza dizeli ya ziada, ukikatisha katikati kwa kuzima kila mara, dizeli inashuka kwenye sampo. Stiki ikivuka alama ya juu mwaga, hata kama deshibodi inakuambia 60.

Kibati:
Nashukuru sana wakuu. Nimetoka kuangalia stiki, iko katikati na haina harufu. Swali moja la mwisho, asilimia ikifika ngapi ndio nimwage? Na hii gari niliinunua imetumika, mtu wa kwanza alipoimwaga oili kompyuta ilijuaje?

NatiBolti:
Haikujua mkuu, mtu ndiye anayeiriseti, yaani anairudisha kwenye 100. Mtu anaweza kumwaga oili asiriseti, au akariseti bila kumwaga na ikakuonyesha 100 juu ya oili nyeusi tii. Kwa hiyo anayenunua gari iliyotumika asilimia anayoikuta siku ya kwanza asiitumie, amwage, abadilishe filta, ariseti mwenyewe, aanze kuhesabu hapo. Kuhusu kumwaga lini, Honda kwa mfano wanawasha alama ya spana kwenye 15, ikifika 5 wanakuambia sasa hivi, kwa hiyo ukiiona 15 panga siku, usisubiri sifuri. Na hata kama gari inakaa tu haitembei, mwaka ukipita mwaga, General Motors wenyewe wameandika hivyo kwenye vitabu vyao.

Spana17:
Hapo kwenye mwaka na kwenye stiki nakubali. Ila yangu ina tabo na inavuta trela, nabaki na 5,000 yangu.

MamaGiaboksi:
Kwa trela na tabo sikupingi kabisa.