Gari la kabureta lililolala miaka: uliliamshaje? Tupeane uzoefu

Msukuma504 (Njoro)

Wadau, hamjambo. Huku kwetu Nakuru nyua zimejaa magari yaliyofunikwa turubai: Peugeot 504 za wazee waliostaafu, pikapu za Datsun 1200 zilizobeba maziwa, Corolla za walimu. Mwenyewe akinunua gari la kisasa, la zamani linasukumwa nyuma ya stoo. Miaka inapita, halafu siku moja kijana anafika na betri mpya begani na tabasamu kubwa. Hiyo betri ndiyo inayonitia wasiwasi.

Semeni ni gari gani, lililala wapi, na mlikuta nini kimeharibika. Naanza mwenyewe.

504 ya baba mkwe ilikuwa chini ya mkaratusi tangu alipoacha kuendesha. Betri niliifunga mwisho kabisa. Kwanza nilitoa plagi zote nne, nikamimina mafuta kidogo ya injini kwenye kila tundu, nikayaacha yalale humo usiku kucha. Asubuhi nikashika spana, nikazungusha injini taratibu kwa boliti ya puli ya mbele. Ikizunguka kwa mkono, ringi za pistoni hazijashikana na silinda, na sasa unaweza kuanza kufikiria petroli. Ikikataa, usiilazimishe kwa stata. Ongeza mafuta, kanywe chai, rudi kesho.

Mzee alijiletea kiti akakaa kando kunisimulia Safari Rally ya 1975, Ove Andersson alivyoshinda kwa 504 kama hii hii. Kila nikiinua kichwa ananiuliza, "Bado tu?" Nilipofungua kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, nikamwonyesha: petroli yote ilikuwa imekauka ndani ya bakuli lake, imebaki gundi ya kahawia. Tangu hapo hakuuliza tena.

NyarMamboleo (Kisumu)

Asante Msukuma. Yenu huko juu hukauka, yetu huku ziwani huoza.

Marehemu baba alituachia Corolla KE70. Ilikuwa kwenye kibanda chenye paa zuri, haikuwahi kunyeshewa, na bado tangi lilikuwa limeliwa na kutu. Fundi wetu alinieleza, nami nikaona kwa macho. Tangi likiwa nusu tupu, hewa yenye unyevu inajaa ile nafasi ya juu. Usiku kukipoa, unyevu unaganda kuwa matone kwenye kuta za tangi, kisha unateremka. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yanakaa chini kabisa, palepale bomba la kunyonyea lilipo. Tulikinga mafuta ya tangi kwenye chupa safi: juu petroli ya rangi ya chai, chini maji, na kutu imetulia sakafuni.

Tangi lilishushwa, likatiwa mnyororo mwembamba ndani na kutikiswa mpaka mikono ikachoka. Likasuuzwa, likakaushwa juani, likarudishwa na filta mpya. Tuliikata filta ya zamani kwa udadisi. Heri tusingeikata.

Kabureta ya hiyo Corolla ina kioo kidogo ubavuni cha kuonyesha petroli imefika wapi kwenye bakuli. Chetu kilikuwa cheusi. Kaka yangu akatafuta waya wa kuzibulia jeti, vile vijitundu vya kupitishia petroli, fundi akamnyang'anya. Tundu la jeti limepimwa kiwandani. Ukilikwaruza kwa waya likapanuka hata kidogo, gari litakunywa mafuta maisha yake yote na hutajua kwa nini. Alizilowesha jeti kwenye dawa ya kusafishia kabureta, tukazipeleka kwa jamaa wa pancha zikapulizwa kwa kompresa.

Bado ikagoma! Petroli inafika, stata inazungusha, kimya. Kufungua distribyuta, kile kifaa cha kugawa umeme kwa plagi, pointi zake za kukatia umeme zimeota ukungu wa kijani. Msasa laini, kisha kipande cha karatasi safi katikati ili kisibaki kichanga, zikapimwa upya mwanya wake, kifuniko kikafutwa ndani. Ikawaka kwa kuchechemea, moshi mwingi, mama akatoka jikoni akilia. Ile sauti aliijua.

HendeliYaKitale

Land Rover Series III, ya petroli, shambani karibu na Endebess. Gari hili halihitaji maneno mengi. Lina hendeli ya mbele, kwa hiyo injini unaizungusha kwa mkono bila kulala chini ya gari. Pampu ya petroli nayo ina kijiti cha kupigia kwa mkono. Piga mpaka bakuli la kabureta lijae, stata isiteseke.

Ila chomoeni ile fimbo ya kupimia oili na mnuse. Diaframu ya pampu ikikaa kavu inapasuka, na petroli inateremka ndani ya injini kwenye oili. Yetu ilinuka kama kituo cha mafuta. Ungeiwasha hivyo, beringi zingekwenda.

Pia ekzosi ilikuwa imezibwa na nyigu wajenzi, udongo mtupu. Chunguzeni mwisho wa bomba.

Kaka_wa_Bungoma

Nitawaambia ya kobe wa Volkswagen wa shemeji yangu, maana kila mahali naona mafundi wanafanya kitu hiki.

Fundi alikuja na petroli kwenye chupa ya soda. Akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa filta ya hewa, akamimina petroli mdomoni mwa kabureta, akamwambia shemeji apige stata. Ikakohoa. Akamimina tena. Mara ya tatu injini ikapiga mwali kinyume, ukatokea mdomoni mwa kabureta, na yeye bado ameshika chupa juu yake. Akaitupa, petroli ikatapakaa. Tuliuzima kwa mchanga wa ujenzi uliokuwa pale kwa bahati tu, na mkono wa fundi ukababuka.

Kumbe hata bila yeye lingeungua. Mipira ya petroli juu ya injini ilikuwa imekauka na kupasuka nyufa, ukiikunja inavunjika. Kwenye gari hilo mpira ukivuja, petroli inadondokea injini yenye moto. Mipira yote ibadilishwe kabla ya jambo lolote, na klampu mpya. Ni kitu cha bei ndogo.

FundiKondele

Kaka, pole kwa shemeji, lakini msituweke mafundi wote kapu moja. Na mimi humpa gari petroli ya kuonja. Bila hivyo unaua betri ukingoja pampu kavu ivute mafuta kutoka tangi la nyuma.

Tofauti ni mahali pa kumimina. Kabureta nyingi zina kijitundu cha kupumulia bakuli. Chukua bomba la sindano, jaza bakuli polepole kupitia hapo, futa iliyomwagika, rudisha filta ya hewa mahali pake, weka chupa mbali, ndipo uguse ufunguo. Filta ikiwa imefungwa, mwali ukirudi unaishia humo mara nyingi. Wa kumimina mdomoni huku mwenzake anapiga stata huyo ana haraka ya kulipwa.

Nikiongeza moja: kabla ya kuwasha, chomoa waya mnene wa koili, uufunge kwenye chuma cha bodi, kisha piga stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Gari lililolala oili yote imeshuka chini, kemshafti imebaki kavu. Mteja hukasirika, "mbona huwashi?" Mwache akasirike.

Kaka_wa_Bungoma

Hapo kwa sindano nimekubali. Ila chupa ya soda hairudi kwetu.

MstaafuKericho

Vijana, angalieni gari liliegeshwa lini. Petroli yenye risasi iliondolewa Kenya na nchi jirani mwishoni mwa 2005. Gari lililolala kabla ya hapo huenda bado lina petroli hiyo tangini. Nimeona watu wakioshea mikono humo. Risasi ni sumu, na ile ya kwenye petroli inapita hata kwenye ngozi. Vaeni glavu, na msinyonye mpira kwa mdomo.

Turbo_hadi_Nakuru

Mnasahau mwinuko. Nilinunua 504 iliyokuwa imelala Mombasa, nikaileta Nakuru kwa lori. Tuliisafisha kila kitu, ikawaka, lakini inatoa moshi mweusi na plagi zinageuka masizi. Nusura ninunue kabureta nyingine.

Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyembamba kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kabureta haina kompyuta ya kutambua hayo. Inaendelea kumimina petroli ya Mombasa kwenye hewa ya Nakuru, mchanganyiko unakuwa mzito. Tulitia jeti kuu ndogo zaidi, tukarekebisha skrubu ya sailensa (ule mngurumo wa injini bila kukanyaga eksileta), moshi ukaisha. Nikipanda Timboroa bado linachoka, lakini huko hata mimi nachoka.

NyarMamboleo

Kumbe! Ndiyo maana la baba huwa zima Kisumu, likifika Mau Summit linakuwa kama limevutiwa choki isiyohitajika.

MamaDatsun (Kakamega)

Yangu Datsun 1200 pikapu. Panya walikula nyaya, hilo nilitarajia. Sikutarajia klachi. Injini inanguruma vizuri, ukikanyaga klachi gia haziingii, zinakwaruza tu. Sahani ya klachi ilikuwa imeshikana na flaiwili kwa kutu. Fundi mmoja alitaka kushusha gia boksi mara moja.

Binamu yangu alikuja, akahakikisha mbele kuna uwanja mtupu na hakuna mtoto. Akaacha injini ipate moto, akaizima, akatia gia ya pili, akakanyaga klachi hadi chini, akapiga stata. Pikapu likaondoka lenyewe huku klachi imekanyagwa. Akawa anakanyaga eksileta na kuachia, kanyaga na kuachia, mpaka tukasikia "pa!" ikaachana. Hatukushusha kitu. Ila silinda ndogo ya chini ya klachi ilivuja wiki hiyohiyo, raba zake zilikuwa zimekwisha.

Kijana_Webuye

Shikamooni. Nina Datsun 120Y ya babu. Injini inazunguka kwa mkono, nimefuata ya Msukuma. Maswali mawili. Petroli ya zamani niipeleke wapi? Halafu magurudumu ya nyuma hayazunguki kabisa, handibreki nimeshaachia.

FundiKondele

Marahaba. Petroli usiimwage mtaroni, huko kwenu mtaro unaishia Nzoia na Nzoia unaishia ziwani. Ulizia gari liliegeshwa lini. Kama ni baada ya 2005, mafundi wa jua kali wataichukua kuoshea vyuma. Kama ni kabla, ifunge kwenye mtungi wa chuma, uandike juu, kisha uulize kituo kikubwa cha mafuta kama watakupokelea.

Magurudumu: inua nyuma, weka stendi imara, siyo mawe. Legeza waya wa handibreki, kisha legeza adjasta nyuma ya bamba. Gonga ngoma ya breki kuzunguka ukingo kwa nyundo ya mbao, usipige katikati. Ikitoka, utakuta bitana zimegandana na chuma. Fungua silinda ndogo za breki utazame raba, toa majimaji yote ya zamani, tia mapya. Fanya haya kabla hujatafuta betri. Injini ikiwaka leo utatamani kuendesha leo, na hapo Webuye kuna mteremko.

Kijana_Webuye

Nimeelewa, fundi. Raba za silinda za 120Y bado zinapatikana Kisumu?

FundiKondele

Zinapatikana. Njoo na ya zamani mkononi, usije na picha.