Naomba ushauri: niuze ng'ombe wote nibaki na kondoo?

Tembe la Mashariki (mleta mada)
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni mnisome hadi mwisho na msinitukane, kichwa changu hakijatulia.

Nipo Kongwa, Dodoma, kwenye shamba la mifugo la familia. Tuna ng'ombe wa nyama 43, wengi chotara wa Boran na hawa wetu wa kienyeji, na kondoo kama 110 wenye damu ya Dorper. Nyumbani yupo mama, mke wangu, watoto wetu wawili wa shule ya msingi na mdogo wangu anayechunga. Malisho yamekuwa taabu. Mvua ikishakatika, hadi Desemba ni vumbi tupu, na njia tulizokuwa tunapitisha mifugo zimelimwa alizeti. Jioni ng'ombe wanaingia zizini ubavu unahesabika.

Nimefikiria niwauze ng'ombe wote nibaki na kondoo. Kondoo anabeba mimba miezi 5, ng'ombe miezi 9. Kondoo hali sana. Shida ni kwamba nyumbani hakuna amani. Mke ameondoka na watoto, yupo kwao Gairo, anasema maisha haya hayawezi. Mama naye hataki kusikia neno kuuza. Je, kitaalamu nipo sahihi? Na huyu mke nimfanyeje?

Mzee wa Josho
Kijana, nimekuwa bwana mifugo hadi nimestaafu, kwa hiyo nisikilize. Ukiondoa ng'ombe wote umejiongezea minyoo. Minyoo mingi ya kondoo haistawi kwenye tumbo la ng'ombe, ndiyo maana wakipishana kwenye malisho yale yale, ng'ombe anakusafishia nyasi. Ukibaki na kondoo peke yao kwenye eneo lile lile, mvua zikianza utazika. Mshike kondoo, funua kope la chini. Pakiwa pekundu yupo salama. Pakiwa peupe, minyoo imemnyonya damu na ukingoja hafiki wiki ijayo.

La pili, chumvi ya madini. Usiwape kondoo ile ya ng'ombe. Ina shaba nyingi, na kondoo hana uwezo wa kuitoa mwilini kama ng'ombe. Inajikusanya kwenye ini kimya kimya, siku moja unamkuta macho ya njano, mkojo mweusi, kisha amekufa. Nilimwona mzee mmoja Mpwapwa akifukia kondoo wake huku akimlaani jirani kwa uchawi, kumbe ni jiwe la chumvi alilolinunua mwenyewe mnadani.

Kitunguu Saumu
Mkuu mimi ushauri sina, ila ukichinja niwekee mkia. Shemeji yako amejifungua juzi na mafuta ya mkia wa kondoo huku Dar ni ya kutafuta kwa tochi.

Mama Zizi
Wanaume mna mambo. Umeandika ng'ombe, malisho, mimba miezi mitano, halafu mke umemweka mwishoni na "nimfanyeje". Nani anaamka kukamua? Nani anawawekea wanakondoo moto usiku wa baridi ya Julai? Mimi nimeolewa kwenye boma la ng'ombe, najua mwanamke wa zizini anavyochoka mpaka anasahau umri wake. Mfuate mkeo Gairo, nenda na mshenga, ukae chini usikilize.

Nyasi Ndefu
Mleta mada, swali dogo tu. Hao ng'ombe ni wako?

Tembe la Mashariki
Mzee wa Josho asante sana, hili la chumvi sikulijua na ninayo hiyo hiyo moja zizini. Nitalitoa leo.
Mama Zizi nimekuelewa, lakini mke hajachoka kazi, ni mchapakazi sana.
Nyasi Ndefu, ni wa familia.

Nyasi Ndefu
Wa familia ni wa nani? Baba yupo?

Tembe la Mashariki
Mzee alifariki mwaka juzi. Mimi ndiye mtoto wa kiume mkubwa, na ndiye niliyeacha kazi Dodoma mjini nikarudi kumuuguza na kushika zizi. Tangu hapo dawa nanunua mimi, chanjo mimi, mashudu mimi.

Karani wa Baraza
Mirathi imefunguliwa?

Tembe la Mashariki
Bado. Tumekaa kikao cha ukoo mara moja, hakikuisha vizuri. Lakini hilo siyo swali langu, swali ni ng'ombe au kondoo.

Karani wa Baraza
Hilo ndilo swali lako lote, ndugu yangu. Kama mirathi haijafunguliwa, wewe hapo ni mtunzaji tu, huna mamlaka ya kuuza hata ndama. Utaratibu si mgumu: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo unaopendekeza msimamizi, mnapeleka Mahakama ya Mwanzo, linatoka tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha mahakama inamteua msimamizi. Akishateuliwa ana miezi minne kupeleka orodha ya mali na madeni, halafu hesabu za mgawo. Na msimamizi siyo mrithi wa vyote, watu wengi wanachanganya hapo. Mpo wangapi?

Tembe la Mashariki
Watano. Wanaume watatu, dada wawili. Dada wote wameolewa, wana maisha yao, hawajawahi kuja hata kushika kamba ya ndama. Naomba tuelewane: mimi siibi. Nikiuza, kila mtu atapata chake.

Mama Zizi
Nikuulize wazi. Umeshauza?

Tembe la Mashariki
Sijauza. Nimepokea kianzio cha milioni nne kutoka kwa dalali anayepeleka mnada wa Pugu. Atachukua maksai 12 kwanza, wengine baadaye. Bei ni nzuri kuliko nitakayoipata Oktoba wakiwa mifupa. Hela nimelipia kiwanja Ihumwa ili familia ipate pa kukaa mjini na watoto wasome. Kiwanja kipo kwa jina langu kwa sababu ndivyo fomu zilivyotaka, mtu mmoja. Na ada ya mdogo wangu aliye chuo Morogoro inatoka wapi kama siuzi? Nimebeba watu.

Kitunguu Saumu
Kumbe mkia wangu una mirathi! Najitoa kwenye kesi.

Msomaji Kimya
Wakuu mnajibu kwa uchungu lakini hii ni chai. Angalieni. Mwanzo mdogo wake ndiye mchungaji, sasa mdogo wake yupo chuo Morogoro. Kondoo 110 Kongwa bila mbuzi hata mmoja, nyie mmewahi kuona zizi la Ugogoni lisilo na mbuzi? Na mke aliyechoka maisha ya shamba ghafla "hajachoka kazi". Huyu anatunga, kesho atakuja na uzi wa mchepuko.

Nyasi Ndefu
La mbuzi kweli nami limenishangaza.

Mzee wa Josho
Mtu anayetunga hatafuti jiwe la chumvi kulitoa zizini. Ila mbuzi, kijana, jibu.

Tembe la Mashariki
Nimesema wanaume tupo watatu. Anayechunga ni wa mwisho, wa chuo ndiye ananifuata mimi.

Mbuzi walikuwepo, zaidi ya sitini. Tuliwauza wote mzee alipolazwa. Mama mwenyewe ndiye aliyefungua zizi. Kila wiki tulikuwa tunateremsha mbuzi mnadani, hela inaishia hospitali, na mwisho mzee hakupona. Ndiyo maana mama sasa hataki kusikia neno kuuza. Sikuandika mwanzo kwa sababu sikuja humu kuomboleza.

Msomaji Kimya
Pole mkuu kwa mzee. Mke je?

Tembe la Mashariki
Mke siku dalali alipokuja kuchagua maksai alikataa kumpa hata maji. Alisema yeye hawezi kukaa kwenye nyumba ambayo dada zangu watakuja kulia. Akapakia watoto. Kondoo 30 kati ya hao ni wake, alinunua kwa hela yake ya VICOBA, na anadai akirudi ataanza kuwatenga zizi lao. Mimi naona ananidhalilisha mbele ya mama.

Mama Zizi
Basi mkeo hajakimbia shamba. Amekimbia hiyo biashara, na hao watu wawili unaosema wanakupinga, yeye na mama, wanasema kitu kimoja. Na mama siyo mgeni anayeombwa ruhusa. Hao ng'ombe amechuma na mumewe. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango kwenye mali ya ndoa. Ile ilikuwa talaka, lakini mantiki ni ile ile: aliyepika, kukamua na kulea naye amechuma.

Karani wa Baraza
Na dada kuolewa hakumfuti kwenye orodha ya watoto wa marehemu.

Ila naomba wakuu tusimponde kijana. Mtu kuacha mshahara akarudi kumuuguza baba, ni jambo ambalo wengi hatukuliweza. Hilo nalo lina nafasi yake mezani, lakini liseme mezani. Andika daftari: chanjo, dawa, mashudu, tarehe na risiti kama zipo. Kwenye hesabu za mirathi gharama za kutunza mali huombwa zirudishwe. Ndama waliozaliwa tangu msiba waorodheshe peke yao, kikao kiwajadili. Kondoo wa mkeo watengwe hata kesho, ni mali yake na isichanganywe na ya marehemu. Ukifanya hivyo una hoja. Ukiuza kwanza, hata jasho lako la kweli litaonekana ni la mwizi.

Tembe la Mashariki
Na dalali? Anakuja Alhamisi na lori. Hela haipo, ipo kwenye kiwanja.

Nyasi Ndefu
Mpigie leo, si Alhamisi. Mwambie mali ya marehemu, mirathi haijafunguliwa. Dalali mzoefu akisikia neno mirathi anarudi nyuma mwenyewe, anajua atasumbuliwa kwenye kibali cha kusafirisha. Mkubaliane umrudishie kidogo kidogo, au kiwanja kiuzwe.

Mzee wa Josho
Na kama ni lazima mpunguze mifugo kabla ya kiangazi kukaza, itisha wote watano na mama, mkubaliane kwa maandishi maksai wachache wauzwe hela iwekwe pamoja, na karani wa mahakama ajulishwe. Ng'ombe wakifa zizini mkibishana, nao hakuna atakayewarithi. Majike ya Boran usiyaguse.

Tembe la Mashariki
Dada mkubwa nimempigia sasa hivi. Alikuwa anajua tayari, mama alishamwambia. Anakuja Jumatano. Dalali bado sijampigia.

Mama Zizi
Mpigie. Halafu mpigie mkeo, umwambie dada anakuja, uone kama hatapanda basi la asubuhi.

Mkulima Gairo
Mleta mada pole. Kondoo wa shemeji, akiwa na dume la Dorper analotaka kubadilisha damu, naomba mawasiliano yake. Nitaongea naye mwenyewe.